Loki za milango: mmoja haujibu kabisa, mingine inacheza ta-ta-ta. Nianzie wapi?

Kitasa Kibovu (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Gari langu ni saluni ya milango minne, sentro loki ya kiwandani (milango yote inaloki kwa amri moja), rimoti iko kwenye ufunguo. Nina matatizo mawili na sijui kama ni ugonjwa mmoja au miwili.

La kwanza, mlango wa nyuma kushoto haujibu. Nikibofya rimoti, mitatu inaloki, huo unabaki wazi. Nikitumia swichi ya mlango wa dereva ni yale yale. Kwa mkono unaloki vizuri tu, kile kijiti kinashuka na kupanda bila ubishi.

La pili, siku nyingine nikiloki, hiyo milango mitatu inaloki halafu inajifungua palepale, ta-ta-ta, mpaka nirudie mara mbili tatu ndipo itulie. Siku nyingine haifanyi kabisa.

Mota ya loki ya mlango wa nyuma nimeshabadilisha. Nilipata iliyotumika, nikaifunga, kimya. Nikasema hii nayo ilikuwa mfu, nikatafuta ya pili. Kimya. Kabla sijaanza kutafuta ya tatu nimeona nije kuuliza.

Dereva wa Usiku

Hiyo kompyuta ya bodi mkuu, ile inayotoa amri za loki. Badilisha hiyo, yote mawili yataisha kwa mpigo.

Mzee wa Fyuzi

Dereva, taratibu kaka. Kompyuta hiyo hiyo imetoa amri na milango mitatu ikaitii. Kwenye magari mengi mota za milango zinachangia nyaya mbili zilezile, zimeungwa sambamba, kwa hiyo amri ikiwafikia watatu ujue imeshatoka kwenye kompyuta. Iliyopotea imepotelea njiani. Tuiache kompyuta iwe ya mwisho kushtakiwa.

Mleta mada, nijibu haya kabla hujafungua kitu:

Kioo cha umeme cha mlango huo kinafanya kazi? Spika je? Ukiweka sikio mlangoni mwenzako akabofya, unasikia chochote, hata mlio mdogo? Na umewahi kujaribu mlango ukiwa wazi, ukiwa nusu, ukiwa umefungwa?

Kitasa Kibovu

Kioo kinapanda na kushuka. Mlio hakuna kabisa. Spika ya mlango huo ilishakufa muda, sikuitaja kwa sababu niliona ni jambo lingine.

Hilo la mlango kuwa wazi ndio nimelijaribu sasa hivi. Mara moja, mara moja tu, uliitika nilipokuwa nausukuma huku na huku mtoto akibofya. Nimerudia kama mara thelathini, umekataa.

Mzee wa Fyuzi

Basi umeshajijibu mwenyewe, imebaki kuthibitisha.

Fungua mlango uangalie upande wa bawaba. Kuna mpira mweusi wa mikunjo unaotoka kwenye nguzo ya gari kuingia mlangoni. Ndani yake zinapita nyaya zote za mlango: za kioo, za spika, za loki, za taa kama ipo. Kila ukifungua mlango zinakunjuka, ukifunga zinakunjika. Shaba ikikunjwa mahali pamoja miaka na miaka inachoka na kukatika, na mara nyingi ganda la plastiki linabaki zima, kwa hiyo kwa macho huoni kitu. Waya wa kioo huwa mnene kwa sababu mota ya kioo inakula umeme mwingi, ndiyo maana unadumu. Nyaya nyembamba ndizo zinazotangulia. Spika imekufa, loki imekufa, mlango mmoja. Mimi nikisikia vitu viwili vimekufa ndani ya mlango mmoja naenda kwenye mpira kabla ya kugusa bisibisi.

Sasa namna mota inavyofanya kazi, ili vipimo visikuchanganye. Mota ya loki ni mota ndogo ya volti 12 yenye gia za plastiki. Haina waya wa moto (chanya) wa kudumu na waya wa ethi (hasi) wa kudumu. Ina nyaya mbili, na zote mbili zikiwa zimepumzika ziko kwenye ethi. Ukiloki, waya mmoja unapewa moto kwa muda mfupi, chini ya sekunde, mwingine unabaki ethi. Ukifungua, zinabadilishana. Mota inazunguka upande mmoja au mwingine kutegemea nani kapewa moto. Ukiona soketi ya mlango wa dereva ina nyaya tano au zaidi usishangae: mbili za mota, zilizobaki ni za swichi ndogo iliyo ndani ya mota, inayoiambia kompyuta kama mlango uko kwenye loki au la. Hiyo swichi tutairudia, nadhani ndiyo inayokuchezea ta-ta-ta.

Kwa leo: toa kava la ndani la mlango, chomoa soketi ya mota, pima kati ya zile nyaya mbili wakati mtu anabofya.

Binti Spana

Kabla hujang'oa kava kwa nguvu, kaka, niongeze kidogo maana nimeona watu wamelia.

Pandisha kioo mpaka juu kwanza. Skrubu hazionekani: moja iko nyuma ya mkono wa kufungulia, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, nyingine moja au mbili ziko ndani ya shimo la kushikia unapovuta mlango. Zilizobaki ni klipu za plastiki kuzunguka ukingo. Anzia chini, tumia kitu cha plastiki si bisibisi, ukishazitoa zote kava halivutwi kuja kwako, linanyanyuliwa kwenda juu, kwa sababu limening'inia kwenye ukingo wa kioo. Andaa klipu za akiba. Mbili tatu zitavunjika tu, hata uwe na mikono ya daktari.

Ile nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi usiichane! Watu wanaiona takataka. Maji ya mvua yanapita kwenye kioo yanaingia ndani ya mlango kila siku, yanatokea kwenye vitundu vya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije kwenye zulia. Ibandue taratibu, gundi yake itashika tena.

Na kama gari lina begi la hewa la pembeni, milango mingine ina sensa yake humo ndani. Chomoa hasi ya betri, subiri dakika kadhaa kabla ya kuchomoa soketi yoyote usiyoijua, na usiwashe swichi ya ufunguo wa gari soketi hiyo ikiwa inaning'inia, taa ya begi la hewa itawaka na haizimi yenyewe.

Bisibisi

Samahani kuingilia uzi. Yangu milango YOTE imekufa, na fyuzi ya ampea 20 inaungua. Nimeshachoma sita.

Mzee wa Fyuzi

Inaungua ukiiweka tu, au inaungua ukibofya?

Bisibisi

Ukibofya. Kuloki. Kufungua sijawahi kufika.

Mzee wa Fyuzi

Vizuri, hilo swali lina uzito. Ingeungua ukiiweka tu, shoti ingekuwa upande wa moto wa kudumu, kabla ya rilei, ile swichi ya umeme inayopitisha moto kwenda milangoni ukibofya. Ikisubiri mpaka ubofye, shoti iko baada ya rilei: nyaya za milangoni au mota mojawapo iliyojifia ndani. Na kwa kuwa zimeungwa sambamba, mmoja akipiga shoti anawaangusha wote.

Acha kuchoma fyuzi. Na usije ukaweka ya ampea 30, utaunguza waya badala ya fyuzi. Chukua balbu ya volti 12, wati 21, ile ya indiketa, iunge mahali pa fyuzi. Bofya. Ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo. Chomoa mota ya mlango mmoja, bofya. Bado inawaka vile vile? Chomoa ya pili. Ukichomoa mlango fulani balbu ikafifia, mgonjwa ni huyo. Ukishachomoa zote na bado inawaka vikali, shoti iko kwenye waya, na tunarudi kulekule kwenye mpira wa mikunjo: nyaya mbili zimechubuka zinagusana, au mmoja unagusa bodi.

Kitasa Kibovu

Nimetoa kava. Klipu tatu zimekufa, Binti Spana alisema kweli.

Nimepima. Multimita yangu ina kitufe cha kushika kiwango cha juu, kwa hiyo niliweza kukamata ule umeme wa ghafla: volti 12.1 kuloki, 12.1 kufungua. Mzee, umeme unafika. Kwa hiyo mota zote tatu ni mbovu? Nimeanza kuchanganyikiwa.

Dereva wa Usiku

Mota hizo za kutumika ni bahati nasibu. Tafuta mpya.

Mzee wa Fyuzi

Hapana. Hapo ndipo multimita inapowadanganya watu wengi, na mimi ilishanidanganya nikabadilisha mota nzima kabisa ya mteja.

Multimita haili umeme. Ukinzani wake wa ndani kwenye kipimo cha volti ni kama omu milioni 10. Kinachopita humo ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya milioni ya ampea. Waya uliokatika, ncha zikiwa zinagusana kwenye kutu, unaweza kupitisha kiasi hicho bila shida, na multimita ikakuandikia 12.1 kwa furaha. Mota inataka ampea kadhaa. Chukua mfano: kutu imeweka ukinzani wa omu 20 njiani, na mota ina omu 3. Hizo volti 12 zinagawanywa, kutu inachukua zaidi ya 10, mota inaambulia 1.6 hivi. Mota haitikisiki hata kidogo. Ukiichomoa mota ukapima soketi tupu, unaona 12 kamili.

Pima kwa kitu kinachokula. Ile balbu ya wati 21 inakula karibu ampea 1.75. Iunge kwenye soketi ya mota, nyaya mbili, bofya. Ikimulika vizuri, waya ni mzima na mota ndiyo mbovu. Ikifanya wekundu kidogo au isiwake, nimeshinda.

Halafu fanya kinyume. Ile mota ya kwanza, iliyokuja na gari, ipeleke moja kwa moja kwenye betri kwa nyaya mbili. Gusa, achia. Usishikilie, chini ya sekunde inatosha, ikifika mwisho wa safari yake ukaendelea kuibana na umeme unaiunguza. Geuza nyaya, gusa tena. Inapaswa kwenda na kurudi kwa kishindo.

Kitasa Kibovu

Balbu: haijawaka. Nilipousogeza mlango kidogo ikafanya wekundu ikapotea.

Mota tatu kwenye betri: zote tatu zinapiga kama risasi. Hata ya zamani.

Sina la kusema.

Binti Spana

Pole kaka. Zitunze, mota za loki hazikosi siku yake.

Waya Mwekundu

Sasa vua mpira. Upande wa nguzo una kola inayoingia kwenye tundu la bodi, ibonyeze kwa ndani pande zote mpaka itoke, usiivute tu. Sukuma mpira upande mmoja nyaya zionekane. Halafu vuta waya mmoja mmoja kwa vidole, polepole. Mzima unakataa. Uliokatika ndani unarefuka kama lastiki. Hakuna kipimo kingine kinachohitajika.

Kitasa Kibovu

Wakuu, minne! Minne inarefuka. Nilipochana ganda la mmoja, shaba imekatika yote, ncha zimejaa unga wa kijani. Miwili ya spika, mmoja wa loki, wa nne sijui ni wa nini.

Naunganishaje? Nina pasi ya kulehemu na tepu ya umeme.

Mzee wa Fyuzi

Tepu ya umeme weka kabatini. Jua likiipiga gundi inayeyuka, mwakani utakuta inaning'inia.

Na usilehemu pale palipokatika. Lehemu inapanda ndani ya nyuzi za shaba kama mafuta kwenye utambi, sehemu hiyo inakuwa ngumu kama msumari. Ukiikunja, haikatiki kwenye lehemu, inakatika pembeni yake, pale ugumu unapoishia. Nimeona kazi ya namna hiyo ikirudi baada ya miezi michache. Bana kwa viungio vya chuma na plaizi yake.

Waya Mwekundu

Mzee na heshima zote, hapo napinga. Nimelehemu nyaya za milango miaka mingi, hazirudi. Viungio vya kubana ndivyo vinavyorudi, kwa sababu watu wanavibana kwa plaizi ya kawaida, au kwa meno, maji yanaingia, kutu upya.

Mzee wa Fyuzi

Unalehemu wapi? Ndani ya mikunjo?

Waya Mwekundu

Hapana. Nje ya mikunjo. Kiungo kimoja ndani ya mlango, kingine ndani ya nguzo.

Mzee wa Fyuzi

Basi hatupingani. Ulianza kubishana na mtu ambaye hayupo.

Mleta mada, msikie Waya. Kata sehemu yote iliyochoka, si sentimita moja pale palipokatika, yote inayopita kwenye mikunjo. Weka waya mpya ulio laini, wenye nyuzi nyingi nyembamba, ganda la silikoni ukilipata. Unene usipungue ule wa mwanzo. Viungo vikae pande zote mbili nje ya mpira, mahali pasipokunjika, na usiviweke vyote usawa mmoja, vipishane, la sivyo vitatengeneza nundu na mpira hautarudi. Ulehemu au ubane, halafu vyote vivae mipira inayosinyaa kwa joto, ile yenye gundi ndani. Usisahau kuivisha KABLA ya kuunga, kila fundi ameshafanya kosa hilo. Acha waya uwe na ulegevu kidogo, fungua mlango mpaka mwisho uone hauvutiki.

Ile mizima inayopita hapo hapo ichunguze pia. Ina umri uleule.

Kitasa Kibovu

Nimemaliza mlango wa nyuma. Unaloki! Nimebofya mpaka jirani akachungulia. Baadaye ukagoma kama dakika tano, nikashtuka, halafu ukarudi wenyewe.

Mzee wa Fyuzi

Uliuchosha. Mota nyingi zina kikinga joto ndani, ukibofya mfululizo kinapata moto na kukata mpaka kipoe. Si ugonjwa.

Tuje kwenye ta-ta-ta. Ukiloki, taa ya dashibodi ya mlango wazi inawaka au kupepesa?

Kitasa Kibovu

Hapana. Nimeitazama mara nyingi, imezima.

Mzee wa Fyuzi

Nimeuliza kwa sababu magari mengi yamefundishwa kukataa kuloki mlango ukiwa wazi, ili usijifungie ufunguo ndani. Swichi ya mlango ikichakaa, gari linadhani mlango uko wazi, linaloki na kujifungua. Kwako taa imezima, hilo tuliweke pembeni.

Inabaki swichi ya ndani ya mota ya dereva. Kompyuta inatoa amri, inasubiri swichi iseme "nimeloki". Swichi ikisema ndiyo, hapana, ndiyo, kompyuta inamsikiliza dereva asiyejua anachotaka na kutii kila neno. Chomoa soketi ya mota ya dereva, halafu bofya rimoti mara ishirini. Milango iliyobaki ikitulia, umempata.

Kitasa Kibovu

Imetulia. Mara ishirini, wala haikutikisika.

Nimeitoa mota ya dereva nikapima zile nyaya za swichi kwa kipimo cha omu nikisukuma mkono wake kwa kidole. Mwanzo sifuri, katikati inaruka, 40, 300, wazi, 12, mwisho wazi. Nadhani haipaswi hivyo?

Mzee wa Fyuzi

Haipaswi. Iwe sifuri halafu wazi, mkato mmoja safi.

Binti Spana

Angalia pia grisi ya komeo lenyewe. Ikikauka, mota inachoka kabla ya kufika mwisho na swichi inabaki katikati, hata ikiwa nzima. Safisha, paka grisi nyeupe ya lithiamu. Ile dawa ya kopo ya kulegezea kutu si grisi, inalainisha wiki mbili tu, vumbi likishakaa hapo inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Waya Mwekundu

Boksi la mota linafunguka ukipita kiungo chake kwa wembe taratibu. Ndani utakuta grisi nyeusi juu ya vibati vya swichi, futa kwa dawa ya kusafishia kontakti, funga kwa gundi. Na mota yenyewe ikichoka, nyingi zinatumia kimota cha saizi inayoitwa 280, kinauzwa peke yake. Linganisha tu urefu na umbo la shafti, kile kijiti cha chuma kinachozunguka: nyingine zina ubapa, nyingine ni duara.

Mzee wa Fyuzi

Kufungua sikatazi, ila kwa mlango wa dereva mimi huweka nyingine. Ni mlango unaofunguliwa kuliko yote, na boksi lililogundishwa kwa mkono maji yanapita juu yake. Kwa mlango wa nyuma ningefungua.

Dereva wa Usiku

Na mimi mlango wangu wa nyuma haufunguki kwa ndani kabisa, nje unafunguka. Nao ni swichi hiyo?

Binti Spana

Fungua kwa nje, angalia ukingo wa mlango karibu na komeo. Kuna kajiti kadogo ka loki ya watoto, pengine kamechorwa mtoto. Kasukume.

Dereva wa Usiku

…Sawa dada. Asante.

Bisibisi

Mrejesho: balbu ilififia nilipochomoa mlango wa mbele wa abiria. Mota ndani imeungua, inanuka. Mingine mitatu inafanya kazi sasa na fyuzi ya 20 imekaa.

Kitasa Kibovu

Mrejesho wangu nao. Nilifungua boksi la dereva kwa wembe, Mzee anisamehe, nikasafisha, nikapaka grisi komeo. Siku ya tisa leo, hakuna ta-ta-ta. Mota nyingine naitafuta taratibu, hii ikirudia ninayo mkononi.

Ule waya wa nne ulikuwa wa taa ndogo ya chini ya mlango, sikujua hata kama gari lina taa hiyo. Na spika imerudi, safi kabisa. Nilikuwa nimeshanunua spika nyingine, iko hapa mezani ndani ya boksi lake.